Kazi ya Kuua Wadudu London: Uza Ujuzi, Usiuze Sumu

Uingereza haina leseni moja ya serikali inayomruhusu mtu kufungua kampuni ya kuua wadudu na panya. Mtu anaweza kununua gari dogo la mizigo leo, akachapisha kadi, akajiita mtaalamu, na asitokee ofisa wa kumuuliza leseni ya biashara. Wenzetu waliotoka Mombasa, Dar es Salaam au Kampala, ambako leseni hutundikwa ukutani kabla mteja wa kwanza hajaingia, wakilisikia hili hudhani kazi hii haina mwenyewe.

Ina wenyewe wengi. Sheria ya hapa haimngojei mfanyabiashara mlangoni mwa ofisi yake. Inaifuata sumu anayonunua, mnyama anayemgusa, gari analoendesha, taka anazobeba na mkataba anaompa mteja. Ukikosea popote hapo, utajibu. Kwa hiyo anayetaka kudumu katika kazi hii London ashike jambo moja mapema: dawa kila mtu huipata dukani, lakini mteja hulipia ujuzi wa kujua panya ameingilia wapi, pamoja na karatasi inayothibitisha ulichofanya. Ushauri wote unaofuata umejengwa juu ya jambo hilo.

Anza na hati zako

Kabla ya pampu na mitego, tazama kibali chako cha kuishi nchini. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri, hata kwa kazi ya Jumamosi moja. Mwenye viza ya kazi inayodhaminiwa na mwajiri asifungue biashara yake kabla ya kupata ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji anayetambuliwa. Raia, mwenye ukaazi wa kudumu na mwenye viza ya mhitimu wanaweza kujiajiri. Biashara nzuri iliyojengwa juu ya viza isiyoruhusu inaweza kumgharimu mtu haki yake ya kubaki nchini, na hakuna faida inayolingana na hasara hiyo.

Ukiwa huru kujiajiri, una njia mbili. Unaweza kujisajili HMRC, mamlaka ya kodi, kama mtu anayejiajiri. Mapato ya biashara yakizidi pauni 1,000 katika mwaka wa kodi ni lazima ujisajili, na mwisho ni tarehe 5 Oktoba baada ya mwaka huo kwisha. Au unaweza kusajili kampuni Companies House, ofisi ya msajili wa kampuni. Kampuni hutenganisha madeni ya biashara na mali yako binafsi, ila inadai hesabu na ripoti za kila mwaka. VAT huwa ya lazima mauzo yanayotozwa kodi hiyo yakivuka pauni 90,000 katika miezi 12. Kwa njia yoyote utakayochagua, fungua akaunti ya benki ya biashara tangu siku ya kwanza, na fedha ya sokoni isichanganyike na fedha ya dawa.

Cheti ndicho hufungua duka la dawa

Tangu 2016 sumu za panya za kitaalamu, zile zinazozuia damu kuganda, zimo katika utaratibu wa usimamizi unaoendeshwa na CRRU, kampeni ya kuhimiza matumizi yenye uwajibikaji ya sumu za panya. Muuzaji hakuuzii mpaka umwonyeshe cheti kinachokubalika. Cheti ambacho mafundi wengi huanza nacho ni cha ngazi ya pili ya udhibiti wa wadudu na wanyama waharibifu, kinachotolewa kupitia RSPH, shirika la kifalme la afya ya jamii. Mafunzo yake hutolewa na BPCA, chama cha kampuni za kazi hii kilichoanzishwa 1942, na watoaji wengine wa mafunzo. Kipo pia NPTA, chama cha mafundi kilichoanzishwa 1993. Jiunge na kimojawapo. Mteja mkubwa huuliza uanachama kabla ya kuuliza bei.

Cheti pekee hakitoshi. Nakushauri ufanye kazi kwanza katika kampuni ya mtu mwingine, angalau mwaka mzima, ili uzione nyumba za London katika majira yote. Kiangazi ni cha nyigu na sisimizi. Baridi ikianza panya huhamia ndani. Ukiandamana na fundi mzoefu utajifunza yasiyoandikwa vitabuni: harufu ya jiko lenye mende wengi, alama za mafuta ya manyoya ya panya kwenye kona za ukuta, na tofauti ya kinyesi cha leo na cha mwezi uliopita. Baadaye jiandikishe BASIS PROMPT, daftari la mafundi wanaoendelea kusoma mwaka hadi mwaka, kwa sababu bidhaa na kanuni hubadilika. Mfano ni bromadiolone na difenacoum. Awali ziliruhusiwa katika maeneo ya wazi yasiyo karibu na majengo. Mauzo kwa matumizi hayo yalisimamishwa Julai 2024, na ruhusa ya kuzitumia huko ikaisha mwisho wa mwaka huo. Fundi aliyeacha kusoma mwaka 2023 anavunja sheria leo bila kujua.

Vidonge vya ghalani visipande ndege

Hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini. Mkulima wa Kitale au Songea anavijua vidonge vinavyowekwa ghalani kuhifadhi mahindi. Ndani yake mna aluminium phosphide, ambayo ikikutana na unyevu hutoa gesi ya phosphine. Gesi hiyo huua wadudu wa nafaka, na humuua binadamu pia. Hupenya nyufa na kufika chumba cha jirani.

Desemba 2021, katika jengo la fleti huko Shadwell, mashariki mwa London, msichana wa miaka 11 alifariki kwa sumu hiyo. Haikutumika nyumbani kwao. Ilitumika katika fleti nyingine ya jengo hilohilo, na aliyeitumia alikuwa anaua kunguni. Kwa hapa dawa hiyo ni ya wenye mafunzo na cheti chake maalumu, na haina matumizi yoyote halali ndani ya nyumba ya kuishi watu.

Pamoja na vidonge hivyo, zimo pia chupa zinazouzwa kwa mkono masokoni na zinazoletwa kwenye masanduku ya safari, nyingine zikiwa na dichlorvos, dawa isiyoruhusiwa tena Uingereza. Mteja wako Mwafrika atakuuliza kwa nini hutumii "ile kali ya nyumbani". Mjibu kwa upole na ukweli kwamba ile kali inaweza kumuua mtoto wa jirani. Kanuni ya kufuata ni fupi: kibandiko cha dawa ni sheria. Kama hakikuidhinishwa Uingereza, au hakitaji mdudu huyo na mahali hapo, hiyo si dawa yako.

Taaluma hii ina kumbukumbu yake chungu papa hapa London. Harold Maxwell-Lefroy, profesa wa Imperial College aliyechunguza mende wa mbao waliokuwa wakila paa la Westminster Hall, alianzisha kampuni ya Rentokil mwaka 1925. Mwaka huohuo alikufa kwa gesi aliyokuwa akiifanyia majaribio katika maabara yake. Ikiwa profesa yalimfika, sisi wenye haraka ya kumaliza kazi tano kwa siku tuvae barakoa na glavu.

Mnyama naye ana sheria yake

Usidhani kila kinachomsumbua mteja ni halali kukiua. Tangu 31 Julai 2024, kutega panya kwa mtego wa gundi Uingereza ni kosa la jinai, isipokuwa fundi awe na leseni maalumu ya Natural England, taasisi ya serikali inayosimamia wanyamapori. Kadi za gundi za kukagua mende na wadudu wengine hazimo katika marufuku hiyo. Ukimkuta mteja ameweka mitego ya gundi ya panya aliyonunua kitambo, mweleze na uandike katika ripoti kwamba umemweleza.

Ndege wa porini, mayai yao na viota vinavyotumika vinalindwa na sheria ya wanyamapori ya 1981. Njiwa wa mitaani huweza kushughulikiwa kwa sababu za afya ya jamii chini ya leseni ya jumla ya serikali, lakini leseni hiyo ina masharti, na mojawapo ni kujaribu kwanza njia zisizoua. Isome upya kila inapotolewa. Fedha ya njiwa iko kwenye nyavu na miiba ya kuwazuia kutua. Jifunze kazi hiyo ya ngazi na waya. Kindi wa kijivu akishanaswa haruhusiwi kuachiliwa bustanini, hata mteja akikuomba kwa huruma, kwa hiyo usitege kabla hujajua utamalizaje bila kumtesa. Popo usiwaguse kabisa, wala usizibe mahali wanapolala. Funga mlango wa dari, toka, uliza Natural England.

Mjue adui kabla ya kufungua pampu

Panya mdogo wa nyumbani hupita penye upenyo wa milimita 6 hivi, unene wa penseli. Katika nyumba za zamani za London zilizogawanywa kuwa fleti, hupita kando ya mabomba, chini ya mbao za sakafu na nyuma ya makabati ya jikoni, akizunguka jengo zima. Ukimwekea sumu mpangaji mmoja na kuacha matundu wazi, umemuuzia mteja wiki tatu za amani. Zaidi ya hayo, panya wadogo wengi hapa wamerithi usugu dhidi ya baadhi ya sumu za kawaida, jambo lililochunguzwa kwa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Reading. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kazi hii methali hiyo ichukue kama ilivyo: beba nyuzi za chuma, wavu wa chuma, saruji na bamba la kuziba chini ya mlango, na utoze kazi ya kuziba kama huduma kamili.

Panya mkubwa wa kahawia ana tabia tofauti. Huogopa kitu kipya, na anaweza kupita kando ya kisanduku cha chambo siku kadhaa kabla ya kukigusa. Akionekana ndani ya nyumba, shuku bomba la maji taka lililopasuka, na pendekeza bomba likaguliwe kwa kamera. Chambo cha kuzuia damu kuganda huua baada ya siku kadhaa, na vibandiko hutarajia kazi iwe imekwisha ndani ya siku 35. Ikizidi hapo, jiulize kasoro iko wapi badala ya kuongeza sumu. Kazi ikiisha ondoa chambo chote na uokote mizoga, kwa sababu bundi na mwewe hula panya waliokula sumu.

Kunguni ndio waliojaza simu za mafundi tangu Oktoba 2023, taharuki ya Paris ilipovuka bahari na kuifikia London. Dawa nyingi za kupuliza ni za jamii ya pyrethroid, zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto, lile linalolimwa Nakuru na Iringa. Kunguni wengi wa mijini wameizoea. Kwa kuwa mayai huanguliwa baada ya wiki moja hivi na dawa nyingi haziyafikii, ziara moja haitoshi. Panga ya pili baada ya siku 14 hivi, na mpe mteja maelekezo kwa maandishi: afue shuka na nguo kwa nyuzijoto 60, asihamie kulala sebuleni, asitupe kitanda barabarani. Wenye mtaji hutumia mashine za joto, kwa kuwa chumba kikipashwa zaidi ya nyuzijoto 50 kwa saa za kutosha, mayai nayo hufa.

Sisimizi wadogo wa rangi ya manjano, wanaopenda majengo yenye joto la pamoja, usiwapulizie dawa hata kidogo. Wakishtuliwa koloni hugawanyika, na tatizo la fleti moja huenea ghorofa nzima. Wao ni wa chambo na subira. Mende wa jikoni pia huangamizwa vizuri zaidi kwa chambo cha jeli kinachowekwa matone madogo kwenye bawaba na nyuma ya friji, kuliko kuloweka jiko dawa.

Gari, stoo na bima

Ukanda wa ULEZ, unaotoza magari yanayochafua hewa, tangu 29 Agosti 2023 umeenea mitaa yote ya London. Gari la dizeli lisilofikia kiwango cha Euro 6 hulipa pauni 12.50 kila siku linapotembea, na ukiingia katikati ya jiji kuna ada ya msongamano juu yake. Gari la bei ya chini linaweza kula faida ya mwaka. Dawa zifungiwe ndani ya sanduku imara lenye kufuli, mbali na kiti cha dereva, zikiwa katika vyombo vyake vya asili. Kanuni za COSHH, zinazohusu vitu hatari kazini, zinadai uandike hatari za kila dawa na namna ya kujikinga. Jisajili pia Environment Agency kama msafirishaji wa taka, maana mizoga na chambo kilichobaki si takataka za pipa la mtaani.

Bima ya kuwafidia wateja na watu wengine ipate kabla ya kazi ya kwanza, na hakikisha mkataba wake umeitaja kazi ya kuua wadudu. Siku utakapoajiri kijana wa kukusaidia, hata awe mpwa wako, bima ya mwajiri ni ya lazima kisheria, isiyopungua pauni milioni 5.

Lijue soko la mtaa wako

London ina mitaa 32 pamoja na City, na kila halmashauri ina utaratibu wake. Baadhi zina vikosi vyao vya kuua panya na huwatoza wakazi kidogo au haziwatozi kabisa. Nyingine hazitoi huduma hiyo. Kabla ya kuchapisha bei, soma ukurasa wa halmashauri yako na za jirani. Pale ambapo halmashauri huua panya bure, wewe jikite kwenye kuziba matundu, kunguni, nondo wa nguo na mikahawa.

Mikahawa ndiyo kazi ya kudumu. Ofisa wa afya wa halmashauri akikuta panya au mende jikoni anaweza kufunga mkahawa siku hiyohiyo, na alama ya usafi, kati ya 0 na 5, husomwa na kila mteja mwenye simu. Mwenye mkahawa wa nyama choma au biriani Barking na Wembley anahitaji jalada lenye ramani ya vituo vya chambo, tathmini ya hatari, ripoti ya kila ziara na mapendekezo uliyompa. Mpe mkataba wa mwaka, wa ziara 8 au 12 pamoja na dharura. Jalada hilo ndilo litakalomtetea, na ndilo litakalokutetea wewe ukiandika mara tatu kwamba mlango wa nyuma hauzibi naye asiuzibe.

Kundi la pili ni wenye nyumba na mawakala wao. Sheria ya 2018 inadai nyumba ya kupanga ifae kuishi binadamu, na wadudu na panya ni miongoni mwa hatari zinazopimwa. Mara nyingi utaingia katikati ya ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba. Usiwe hakimu. Andika ulichoona: tundu liko wapi, ukubwa wake, picha, tarehe. Ripoti yako inaweza kufika mahakamani.

Kundi la tatu ni jamii yetu. Misikiti, makanisa, vyama vya kuzikana na makundi ya WhatsApp yatakuletea kazi kwa neno la mdomo. Nenda na gari lisilo na maandishi makubwa ukiitwa kwa kunguni, kwa kuwa mama wa watu anaona aibu hata mbele ya majirani. Msalimie vizuri, mweleze kwamba kunguni hawaji kwa uchafu, na siri ya nyumba yake isitoke mdomoni mwako. Hata hivyo, mtoze bei kamili na umpe risiti. Udugu usiotoa risiti huishia kwenye lawama.

Bei na mkataba

Hesabu bei kwa kazi nzima: safari zote, dawa, saa, maegesho, bima, kodi na muda wa kuandika ripoti. Anayetoza ziara moja ya bei rahisi hulazimika kurudi bure au kumwacha mteja na tatizo. Taja kwa maandishi ziara ni ngapi, zinahusu nini, na usiahidi kwamba kunguni hawatarudi kamwe, kwa maana huwezi kuzuia sanduku la mgeni.

Mkataba unaofungwa nyumbani kwa mteja binafsi humpa kwa kawaida siku 14 za kubadili nia chini ya kanuni za 2013, na ni wajibu wako kumwarifu. Akitaka uanze kabla ya siku hizo kwisha, aombe kwa maandishi. Ujumbe wa simu unatosha. Usipofanya hivyo unaweza kukosa haki ya malipo. Kwa mikahawa inayochelewesha malipo ya ankara, sheria ya 1998 hukuruhusu kudai riba ya asilimia 8 juu ya kiwango cha Bank of England. Iandike chini ya kila ankara.

Ndugu yangu unayetaka kuanza, kazi hii ina heshima na ina riziki, na jiji hili halitakosa panya. Pata cheti, kata bima, ziba matundu, andika ripoti, ukatae kazi inayokutaka uvunje sheria. Na kama una vidonge vya ghalani au chupa isiyo na kibandiko cha Uingereza stoo kwako, usiitumie wala usimpe mtu. Piga simu kwa halmashauri yako leo uulize namna ya kuisalimisha.